Mapengo ya Alasiri

Johnstone Sifuna ni mtu mwoga. Nasema hivi kwa upendo, maana nimefanya kazi naye miaka kumi na minne katika idara ya fizikia ya chuo kimoja hapa Eldoret, yeye akiwa fundi wa maabara, mimi karani. Huogopa kuchelewa, kwa hiyo hufika kabla askari hajafungua lango. Huogopa kusahau, kwa hiyo huandika mambo kwenye kiganja cha mkono. Akikupa ufunguo atakuuliza mara mbili kama umeupokea, na huku anauona mkononi mwako. Mimi Bridgit Apiyo sina subira na watu wa namna hiyo. Wiki ya kwanza tu nilimwambia kwamba atazeeka kabla ya wakati. Alicheka, halafu akaniuliza kama kweli ameanza kuonekana mzee.

Mtu kama huyo ndiye aliyeamua, akiwa na miaka arobaini na moja na watoto wanne pale Langas, kusomea shahada ya uzamili. Tena si ya kitu kilicho karibu. Alichagua anga ya juu, ile iliyo kilomita mamia juu ya vichwa vyetu, ambako hata ndege haifiki.

Alinieleza mara nyingi mpaka nikaelewa, kwa hiyo nawe utaelewa. Huko juu jua huipasua hewa na kuacha elektroni zikizurura ovyo. Zile setilaiti ambazo simu yako huzitegemea ikuonyeshe ulipo hutuma mawimbi yanayopita katikati ya hizo elektroni. Zikiwa nyingi, mawimbi huchelewa kidogo. Zikiwa chache, hayachelewi sana. Ukipima kule kuchelewa, unajua juu ya mji wako kuna elektroni kiasi gani saa hiyo. Sasa, wataalamu wa dunia wametengeneza modeli, yaani hesabu kubwa ndani ya kompyuta, inayobashiri idadi hiyo kwa kila mahali na kila saa. Ila vipimo vingi walivyoitengenezea vilitoka nchi za mbali, za baridi, nasi tuko karibu na ikweta ambako anga ya juu ina vituko vyake. Kazi ya Sifuna ilikuwa kuuliza swali moja tu: je, modeli hiyo inasema kweli juu ya Eldoret?

Antena nyeupe, ukubwa wake kama sahani ya ugali, iliwekwa juu ya paa la jengo letu na kuunganishwa na risiva, mashine ya kupokea na kurekodi mawimbi, iliyo katika kijumba kidogo pale ngazi zinapoishia. Ikapima kwa miaka mitano. Jibu alilolipata lilikuwa la ajabu. Miezi ya kiangazi modeli ilikosea kila alasiri, ikitoa elektroni pungufu kwa karibu theluthi. Lakini miezi ya mvua, kuanzia Aprili hadi Agosti, saa zilezile, modeli na setilaiti zilikubaliana kama chanda na pete. Msimamizi wake, Daktari Obonyo, alipoziona zile grafu aligonga meza kwa furaha. Sifuna akaandika sura nzima, ya tano, akieleza kwamba huenda mawingu ya radi ya huku kwetu yanaitikisa hewa hadi kule juu na kubadilisha mambo. Sura hiyo ndiyo iliyokuwa moyo wa tasnifu. Ukiitoa, kinachobaki ni mambo ambayo wengine walishayasema.

Siku ya kuitetea ilikuwa Ijumaa iliyopita. Usajili wake unaisha mwisho wa mwezi huu wa Mei. Alishaongezewa muda mara moja, na barua ikasema wazi kwamba hakuna mara ya pili. Wiki hiyo hakuwa mtu wa kukaa naye. Jumatatu mkewe, Janice, alinipigia simu akaniambia kwamba amemchinjia kuku na bwana amekataa kula. Mbukusu kama yeye akikataa kuku, ujue kuna msiba. Nilimwambia Janice amwekee, atakula Ijumaa jioni akiwa msomi.

Jumanne, saa nane hivi, ngurumo zikaanza upande wa Plateau. Sifuna akaja ofisini kwangu kuchukua ufunguo wa paa. Alitaka picha ya antena chini ya mawingu meusi, ya kuwaonyesha watahini. Ufunguo haukuwa kwenye msumari wake.

"Mzee Mabonga ameenda nao," nikasema bila kuinua macho kwenye kompyuta. "Si huwa anauchukua mvua ikikaribia."

"Huwa?" Sifuna akauliza.

Niliendelea kupiga chapa. Sikuona uzito wowote katika neno hilo. Mzee Mabonga ni tarishi wetu, mtu wa Kimilili, anayestaafu Februari ijayo. Nilidhani hupanda kuangalia mifereji ya maji. Miaka yote hiyo alikuwa anachukua ufunguo mbele ya macho yangu, na mimi, ninayejifanya najua kila kitu katika idara hii, sikuwahi kumuuliza.

Yaliyotokea huko juu nilisimuliwa na wote wawili, na maneno yao yalilingana. Sifuna alimkuta Mzee ameinama, anaizungushia antena blanketi kuukuu taratibu. Ndani ya kijumba, plagi ya risiva ilikuwa sakafuni.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nafunika hii kitu yako. Si unasikia vile kunanguruma?"

"Na plagi?"

"Nimetoa. Mimi hutoa mapema, nikiona tu wingu. Jioni narudisha, hakuna shida."

"Tangu lini, Mzee?"

"Tangu uniambie."

Ndipo Sifuna akakumbuka. Mwaka ule wa kwanza, jioni moja ya Aprili, mbingu ikiwa imefunga, alimwambia Mzee mlangoni: "Hiyo mashine ikipigwa na radi, mimi nimeisha. Nisaidie kuiangalia." Alisema kwa ule woga wake wa kawaida, akaenda zake nyumbani. Mzee naye akaiangalia kama vitu vinavyoangaliwa kwao radi inapokuja: kioo hugeuzwa ukutani, sufuria zinazong'aa huingizwa ndani, redio hutolewa kwenye waya, na watu hunyamaza. Kaka yake mwenyewe aliwahi kuiacha redio na waya wake umefungwa juu ya mparachichi, na nyumba iliungua pamoja na mbuzi. Kwa hiyo miaka mitano mzee huyu, na magoti yake mabovu, alipanda orofa tatu karibu kila alasiri ya miezi ya mvua. Hakuwahi kumdai mtu asante.

Sifuna alimwambia, "Asante, Mzee." Akamsaidia kukunja ncha ya blanketi, kisha akateremka. Alipoingia kwangu alifunga mlango na kukaa kwenye kiti cha wageni, uso umemparara.

"Madam Bridgit, nimeisha."

"Umeisha aje? Mashine imeharibika?"

"Heri ingeharibika."

Akanieleza, na safari hii nilielewa mara ya kwanza. Risiva iliyozimwa haipimi kitu. Basi alasiri za mvua zilipaswa kuonekana kwenye grafu kama mapengo matupu, na grafu za Sifuna hazikuwa na pengo hata moja. Kwa nini? Kwa sababu mwaka ule wa kwanza aliona mapengo madogo ya dakika kumi kumi, akasema ni stima imepotea, jambo ambalo hapa Eldoret hakuna anayelichunguza. Hapendi kuona mstari umekatika. Akaiamuru kompyuta: ukikuta pengo, weka hapo tarakimu ya modeli kwa muda, nitarekebisha baadaye. Baadaye ikawa mwaka, mwaka ukawa mitano, naye akasahau kabisa kwamba aliwahi kutoa amri hiyo.

Kwa hiyo kila alasiri setilaiti zilipokosa wa kuzisikiliza, kompyuta ilichukua maneno ya modeli na kuyatia midomoni mwao. Kisha Sifuna akailinganisha modeli na modeli, akashangaa jinsi zinavyopatana. Ni kama mwalimu aliyempa mtoto karatasi ya majibu anakili, akamsahihishia kwa karatasi hiyohiyo, halafu akaita wazazi waje kushangilia.

"Nani mwingine anajua?" nikamuuliza.

"Wewe na mimi. Mzee anajua alitoa plagi, lakini hajui maana yake."

Nitayaandika niliyomwambia, ingawa sijivunii. "Basi nyamaza. Johnstone, funga mdomo mpaka Ijumaa ipite. Ukishapata hiyo digrii, utaandika ingine ya kurekebisha. Hao maprofesa hawawezi jua."

"Hawawezi," akakubali. Nadhani hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Jumatano aliiondoa ile amri na kurudia hesabu yote upya. Daktari Obonyo alikuwa Nairobi hadi Ijumaa asubuhi, na Sifuna hakuweza kumwambia jambo la namna hiyo kwa simu; alipiga mara mbili, simu ikipokewa anauliza habari za safari. Nilipita maabara mara tatu nikijidai napeleka chai. Mara ya tatu nilimkuta amekunja mikono, anatazama kioo cha kompyuta. Miezi ya kiangazi ilikuwa vilevile. Miezi ya mvua ilikuwa imebaki na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Kati ya alasiri zote za miezi hiyo, zenye vipimo vya kweli hazikufika moja kwa kumi, na katika hizo chache modeli ilikosea sawasawa na kiangazi. Mawingu ya radi hayakuwa yamefanya lolote huko juu, au kama yalifanya, hakuna aliyepima.

"Ukisema hii, watakufeli," nikamwambia.

"Najua."

"Na Mzee je? Tarishi anazima mashine ya idara miaka mitano bila ruhusa. Wakimwandikia barua ya nidhamu sasa, na Februari anaenda nyumbani?"

Alijishika kichwa. Nilijua nimemchoma pale penye kidonda, na nilifanya hivyo makusudi, maana nilitaka anyamaze. Nilikuwa nimemwona huyu mtu akisoma kwenye ngazi saa ya chakula kwa miaka sita. Sikutaka aanguke mlangoni. Alhamisi Janice aliniambia kwamba nyumbani mumewe alikuwa akikaa kitandani na viatu miguuni.

Ijumaa saa tatu asubuhi tukaingia chumba cha semina. Walikuwepo Daktari Obonyo, aliyeshuka garini dakika hiyohiyo, wahadhiri wawili wa idara, na mtahini wa nje, Profesa Musimbi, mama mwembamba mwenye sauti ndogo inayokufanya uiname ili usikie. Mimi nilikaa kona ya meza kuandika kumbukumbu za kikao. Walizungumza Kiingereza, kama ilivyo kawaida yetu. Nakuwekea kwa Kiswahili.

Sifuna alionyesha ukurasa wa kwanza wenye jina lake na kichwa cha tasnifu. Suti ilikuwa kubwa kwake.

"Kabla sijaendelea," akasema, "sura ya tano si ya kweli. Naomba kueleza kwa nini."

Daktari Obonyo aliangusha kalamu. Ni Mluo mwenzangu, hapendi aibu mbele za watu, na simlaumu. Sifuna alieleza yote, mapengo, ile amri, modeli kupimwa kwa modeli. Hakuruka kitu. Alipomaliza, Profesa Musimbi aliuliza jambo moja tu.

"Nani alikuwa anazima risiva?"

Sifuna alitazama chini. "Ni mimi," akasema.

Kalamu yangu ikasimama. Profesa alifungua tasnifu, akageuza kurasa bila haraka.

"Umeandika hapa kwamba Agosti ya mwaka wa tatu ulikuwa Nairobi kwa mafunzo, mwezi mzima. Agosti hiyo nayo ina mapengo?"

"Ina."

"Ulikuwa unazima ukiwa Nairobi?"

Jasho lilimtoka Sifuna kwenye paji la uso likashuka hadi kwenye kola, na hakulifuta. Niliomba moyoni aseme alimwagiza mtu, aseme amesahau, aseme chochote.

"Nimesema uongo, Profesa. Sasa hivi, mbele yenu. Aliyezima ni Mzee Mabonga, tarishi wetu. Nilimwomba aiangalie mashine na sikumweleza jinsi inavyotakiwa kuangaliwa. Miaka mitano sikupanda hata siku moja ya mvua kuona mwenyewe. Yeye alikuwa analinda. Aliyejaza mapengo ni mimi peke yangu."

Wakamwambia atoke nje angoje.

Walibishana karibu saa nzima. Mhadhiri mmoja alitaka afelishwe papo hapo. Daktari Obonyo alisema kosa ni lake pia, maana aligonga meza badala ya kuuliza. Profesa Musimbi alisikiliza wote, kisha akasema kwamba kilichobaki ni kidogo lakini ni cha kweli, na kwamba alasiri za mvua juu ya mji huu bado hazijapimwa na mtu. Wakakubaliana: leo hajafaulu, wala hajafeli. Bodi ya kitivo iombwe imwongezee msimu mmoja wa mvua, apime upya risiva ikiwa imewashwa. Lakini mwenye kuamua ni bodi, na bodi itaamua kwa kusoma kumbukumbu za kikao. Ikikataa, miaka sita imekwenda.

Nilipotoka kumwita, Sifuna alikuwa kwenye benchi na Mzee Mabonga kando yake. Alikuwa ameshamwambia kila kitu.

"Kwa hivyo nilikuwa naharibu," Mzee alikuwa akisema.

"Hapana, Mzee. Ni mimi sikukuambia."

"Sasa hawa watanifuta kazi?"

"Sijui, Mzee. Nimekutaja jina. Nisamehe."

"Mimi nimezeeka," Mzee akasema. "Wewe ndio uko na watoto shuleni." Akainuka kwa kushikilia ukuta, akaenda kuchukua vikombe.

Alasiri hiyo nikapiga chapa kumbukumbu. Niliandika kila kitu jinsi kilivyosemwa, mpaka nikafika kwenye lile swali la nani alikuwa anazima. Hapo nikasita. Bodi ikisoma kwamba mtahiniwa alimdanganya mtahini wa nje uso kwa uso, hata kwa dakika moja, hata kwa sababu ya huruma, itafunga faili. Nikaiacha ile "ni mimi". Nikaliacha na swali la Nairobi. Nikaunganisha swali la kwanza na jibu la mwisho, yakashikana vizuri kabisa, na mtu yeyote angesoma bila kuhisi kitu. Niliona nimefanya jambo jema, tena nilijisifu kidogo.

Saa kumi Sifuna akaja kusoma na kutia sahihi, kama kanuni inavyotaka. Alisoma akifuata mstari kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Madam Bridgit, hapa kuna kitu kimetoka."

"Wapi?"

"Hapa. Prof aliuliza nani alizima, nikasema ni mimi. Halafu ndio nikasema ukweli."

"Johnstone, bodi itasoma hii. Unataka waone vile ulidanganya?"

"Sitaki." Midomo ilikuwa imemkauka. Nimemwona akiogopa mambo mengi katika miaka kumi na minne, mengi ya kipuuzi, lakini sikuwa nimemwona akiogopa hivi.

"Basi weka sahihi uende nyumbani. Janice anakungoja pale geti."

Alishika kalamu, akaisogeza hadi pale penye nukta nukta, akaiweka chini. Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Hii ni ile kitu nilifanya mimi," akasema. "Eti mstari usikatike. Tafadhali rudisha vile ilikuwa."

Nikairudisha. "Ni mimi", Nairobi, na ule uongo aliokiri. Akasoma tena mstari kwa mstari, kisha akatia sahihi. Bodi inaketi Jumatano.